Kusoma watu: neno kwa kijana anayeanza



Jumapili moja baada ya Pasaka, mkutano wenu ulipokuwa ukielekea mwisho na mvua ikituzuia sote ukumbini, mmoja wenu aliomba dakika kumi awaburudishe wenzake. Alimwita dada mmoja wa kwaya ya parokia jirani, ambaye hakuwa akimfahamu, akamketisha kitini, akamtazama kitambo bila kusema neno, kisha akaanza kumweleza habari zake. Alimwambia kwamba mbele ya watu yeye ni mcheshi, lakini usiku hubaki na mawazo mengi. Kwamba aliwahi kuanza jambo kubwa akalikatiza njiani, wala si kwa kupenda kwake. Kwamba mzee mmoja wa ukoo, pengine bibi, anamtegemea kuliko anavyoonyesha. Dada yule alijifunika mdomo kwa kitenge chake. Ukumbi mzima ukapiga makofi. Sisi tuliokuwa tumekaa nyuma pamoja na washauri wengine tulipiga makofi vilevile, na afadhali tukiri hilo mapema.

Kijana huyo hana pepo, wala hakujaliwa karama ya pekee. Kwa miezi mitatu hivi alikuwa amejifunza kwenye simu yake sehemu ya ile sanaa ya jukwaani iitwayo mentalizimu, yaani mazingaombwe ya akili: mchezaji hatoi njiwa kofiani, bali hujifanya kusoma yaliyo moyoni mwa mtu. Sehemu aliyojifunza huitwa na wenyewe usomaji wa baridi, kwa kuwa msomaji humkabili mtu bila habari yoyote aliyoiandaa juu yake. Akiwa amechunguza kwanza, akauliza majirani na kuandika, huo wauita usomaji wa moto.

Kama hadithi ingeishia ukumbini, tusingeshika kalamu. Lakini nje, chini ya ukingo wa paa, alikuwapo mama mmoja anayewauzia mandazi kila Jumapili, naye aliyaona yote kwa dirishani. Kijana alipotoka, mama alimshika mkono, akamwambia: «Mwanangu, wewe unayeona, nionee na mimi.» Kifungua mimba wake alikwenda Kamituga, kwenye machimbo ya dhahabu, na tangu mwezi wa kumi na moja simu yake haikuita tena. Kijana wetu alitaka kukataa. Hakukataa. Watu walikuwa wakitazama, na makofi yalikuwa bado masikioni mwake. Alisema: «Namwona yu hai. Ana alama mwilini, kama mguuni hivi.» Mama akaitikia kwa kilio kwamba ndiyo, ni kovu la jembe, mguu wa kushoto. Kijana akaendelea: «Atarudi kabla ya mwaka kwisha.» Mama akampa mandazi sita katika karatasi, akakataa kulipwa.

Usiku ule kijana alibisha mlangoni kwetu. Mandazi alikuwa nayo bado, hakuwa ameyala. «Mwalimu,» alisema, «nimefanya nini?»

Katika baraza la washauri maoni yaligawanyika haraka. Wapo waliotaka mchezo huo upigwe marufuku parokiani kama uaguzi mwingine wowote. Wapo waliosema ni utani wa vijana, na kwamba mama yule alijitakia mwenyewe. Sisi hatukukubaliana na upande wa kwanza, na wa pili ulitukasirisha. Kwa maoni yetu, kijana wa nchi hii anafanya vema kujifunza jinsi usomaji wa baridi unavyofanya kazi, na ajifunze vizuri, mpaka ndani. Lakini jambo la kwanza analopaswa kufahamu, kabla ya hila yenyewe, ni nani hasa anayesema katika mazungumzo hayo mawili, na nani atakayejibu kwa yaliyosemwa.

Tuanze na darasa moja. Mwaka 1948, huko Marekani, mwalimu wa saikolojia aitwaye Bertram Forer aliwapa wanafunzi wake 39 mtihani wa tabia. Baada ya siku chache alimrudishia kila mmoja karatasi yenye maelezo ya nafsi yake, akawaomba wayapime: 0 kwa maelezo yasiyofaa kabisa, 5 kwa maelezo yanayowafaa barabara. Wastani ulizidi 4. Ndipo alipowafunulia kwamba karatasi zote zilikuwa na maneno yale yale, na kwamba mengi ya maneno hayo aliyaokota katika kitabu cha unajimu cha kuuzwa barabarani. Wanafunzi hawakuwa wajinga. Walifanya tunavyofanya sote tunapopewa sentensi pana: waliitafutia mahali pa kukaa katika maisha yao, wakapapata, kisha wakamshukuru mwandishi kwa kazi waliyoifanya wao.

Tulipokuwa tukiwafundisha vijana wanaojiandaa kuwa walimu, tulilirudia jaribio hilo kwa namna yetu, nanyi wa parokia mlilipata pia mwezi uliopita, mnakumbuka. Hatukutafsiri maneno ya Forer. Tulitunga ya kwetu. «Unapenda kushauriwa, lakini hupendi kuamrishwa. Umewahi kumsamehe mtu ambaye hakukuomba msamaha. Kuna kipawa ndani yako ambacho nyumbani hawajakitambua. Hupendi fedha kupita kiasi, ingawa ukosefu wake umekuaibisha angalau mara moja mbele ya wenzako. Ulipokuwa mdogo, maji au moto ulikaribia kukudhuru.» Karibu nyote mlinyosha vidole vinne au vitano. Mmoja wenu alikasirika kabisa, akidhani mama yake ametueleza siri za nyumbani, kwa sababu ya ile sentensi ya mwisho. Lakini ni mtoto gani aliyekulia ufukoni mwa Ziwa Kivu asiyetishwa na maji hata siku moja? Na ni nyumba gani yenye mbabula uani ambamo hakuna mtoto aliyeungua? Na ile ya aibu ya fedha: ni nani kati yetu asiyewahi kurudishwa nyumbani kwa ajili ya minervali?

Hiyo ndiyo mali ya kwanza ya msomaji: anajua maisha ya watu yanavyofanana. Mali ya pili ni macho. Vumbi la chaki kwenye mkono wa shati, vidole vilivyokaushwa na sabuni ya kufulia, viatu vya mtu aliyetembea kutoka mbali, alama ya pete mahali ambapo pete haipo tena, lafudhi ya Walungu au ya Uvira. Hakuna ubaya katika kuona. Muuguzi huona hivyo, padri huona hivyo, na mwalimu ambaye haoni hivyo darasa humshinda.

Mali ya tatu ni namna ya kuuliza bila kuonekana unauliza. Msomaji husema: «Huna ndugu aliye ng'ambo, sivyo?» Ukijibu kwamba unaye, atasema, «Ndiyo, nilihisi hivyo.» Ukijibu kwamba huna, atasema, «Sawa, ndivyo nilivyosema.» Sentensi moja, milango miwili, na yote hufunguka. Au atasema: «Naona herufi M.» Katika ukumbi wetu herufi hiyo ina akina Marie, Mapendo, Mwamini, Mugisho, na kama wote hao hawapo, anayo Mama. Asipopata kitu, huiacha herufi ianguke na kwenda kwa nyingine, na wewe utaisahau. Hilo la kusahau ni kubwa. Jioni, unapowasimulia wa nyumbani, utasimulia matatu aliyoyapata, na kila moja litakuwa limenenepa kidogo. Yale tisa aliyoyakosa hayatafika mezani. Hivyo sifa za msomaji hutungwa na wale waliosomwa, yeye akiwa amekwisha kulala.

Hapa walimu wenzetu wataturuhusu neno la pembeni. Mwanzoni mwa karne iliyopita, mjini Berlin, palikuwa na farasi aitwaye Hans, ambaye bwana wake, mwalimu wa hesabu aliyestaafu, Wilhelm von Osten, aliamini kwa moyo safi kwamba amemfundisha kuhesabu. Aliulizwa tatu na nne ni ngapi, naye akagonga chini kwa kwato mara saba. Mwaka 1904 tume ya wataalamu ilimchunguza isione udanganyifu. Kisha mtafiti Oskar Pfungst akagundua kwamba Hans hukosea kila muulizaji asipojua jibu mwenyewe, au farasi asipoweza kumwona muulizaji. Hans hakujua hesabu, alijua nyuso. Kwato ilipofika kwenye idadi sahihi, muulizaji aliinua kichwa kidogo bila kujitambua, na farasi akaacha kugonga. Pfungst alieleza hayo katika kitabu chake cha mwaka 1907. Sisi tulipoisoma habari hiyo kwa mara ya kwanza tulicheka peke yetu, kwa kuwa tulimkumbuka mwanafunzi wetu mmoja aliyekuwa akijibu kwa kuvuta neno, «Ni sa... ni na...», macho yake yakiwa kwenye paji la uso wetu. Tulimpa alama nzuri miaka miwili.

Basi msomaji wa baridi ni kama Hans na mwanafunzi yule. Hasomi moyo. Anagonga polepole, nawe unamwonyesha mahali pa kuacha.

Yote hayo kijana anaweza kujifunza kwa mwezi, na hatuoni dhambi katika kuyajua. Hatari yake ya kwanza si kwa anayesomwa, ni kwa anayesoma. Mwanasaikolojia Mmarekani Ray Hyman, aliyeandika juu ya ufundi huu makala inayojulikana sana mwaka 1977, alianza akiwa kijana wa umri wenu, akisoma viganja vya watu ili kupata senti za ziada kando ya maonyesho yake ya mazingaombwe. Alianza bila kuamini. Lakini watu walishangaa mno, wakamhakikishia mno kwamba amesema kweli, hata akaanza kuamini kwamba mistari ya kiganja inasema kitu. Mchezaji mwenzake mkubwa, Stanley Jaks, akampa ushauri wa ajabu: safari hii waambie kinyume cha kile ambacho mistari inaonyesha. Hyman akafanya hivyo. Watu wakashangaa vilevile. Tangu hapo akaelewa kwamba kiganja hakikuwa kikisema lolote.

Fikirini ni wangapi katika miji yetu waliopita njia hiyo ya Hyman bila kukutana na Jaks. Sisi hatuamini kwamba kila anayejiita nabii katika chumba cha maombi ni mwongo anayejua kwamba anadanganya. Wapo wa namna hiyo. Mwaka 1986 James Randi, mchezaji wa mazingaombwe, alionyesha mbele ya watazamaji wa televisheni ya Marekani kwamba mhubiri Peter Popoff, aliyekuwa akitaja majina na magonjwa ya watu kana kwamba anafunuliwa, alikuwa na kipokezi cha redio sikioni, na sauti aliyoisikia ilikuwa ya mke wake akimsomea kadi za maombi ambazo waamini wenyewe walizijaza. Huo ulikuwa usomaji wa moto, na moto mkali. Lakini wengi zaidi, kwa maoni yetu, ni watu waliowahi kusema neno pana wakaona machozi, wakasema la pili wakaona magoti, na tangu siku hiyo hawakuthubutu tena kujiuliza neno lilitoka wapi. Nasi tusijitenge nao haraka. Tulipokuwa vijana, katika siku ya mafungo, tulisimama na kusema kwa sauti ya kutetemeka: «Yupo mtu hapa leo anayetaka kuacha wito wake.» Walikuja watatu. Tulirudi nyumbani tukitembea kama mtu aliyekabidhiwa funguo. Ilitupasa kusubiri miaka ili kuona kwamba katika mkutano wa vijana mia moja, watatu wa namna hiyo hawakosi kamwe.

Sasa tufike kwenye jambo lililotufanya tuandike. Sentensi za Forer zilikuwa na maneno ya kusifu, nayo hayakumdhuru mtu. Wanafunzi walijaza nafasi tupu kwa mambo yao wenyewe, wakaenda zao. Lakini sentensi pana huchukua rangi ya hofu ya mahali inaposemwa. Kwetu, sentensi inayomfaa kila mtu kuliko zote haisemi juu ya kipawa kisichotambuliwa. Inasema: «Katika nyumba yenu yupo mtu asiyekutakia mema.»

Mwezi uliopita, baada ya zile karatasi, tuliitamka sentensi hiyo mbele yenu na kuwaomba mkae kimya. Kisha tukauliza ni nani aliyepata jina kichwani. Mikono mingi ilipanda kabla hatujafikisha hesabu ya kumi. Hatukuuliza majina, na tuliwakataza msiyataje hata mnapoteta njiani. Lakini kila mmoja aliyenyosha mkono alikuwa na mtu: mama wa kambo, shangazi, mke mwenza wa mama, jirani, mpangaji. Sisi hatukumtaja mtu yeyote. Tulitoa nafasi tupu tu, ninyi mkaijaza kwa kasi ya kutisha, na kama tungekuwa tumevaa kanzu nyeupe na kushika chupa ya maji, mngeondoka hapo mkisema kwamba Mwalimu amemfunua adui.

Ndivyo yanavyotokea kwa watoto. Mfiwa au mgonjwa huenda kwa msomaji. Msomaji husema kwamba tatizo liko ndani ya nyumba, kwamba ni mtu wa karibu, kwamba ni mtu asiyedhaniwa, kwamba pengine ni mdogo. Husema kwamba analala vibaya, anakula kuliko umri wake, ana hasira, hukojoa kitandani. Wanaosikiliza hutazamana. Na katika nyumba yenye yatima aliyeletwa na ndugu, anayelala vibaya kwa sababu amefiwa na anayekula sana kwa sababu alishinda njaa, nafasi hiyo tupu ina sura yake tayari. Msomaji anaweza kuapa mahakamani kwamba hakutamka jina. Atakuwa amesema kweli. Watoto wanaolala sokoni Kinshasa, Mbuji-Mayi na Lubumbashi kwa sababu waliitwa wachawi, wengi wao walitajwa hivyo: mmoja alitoa sentensi, mwingine akaijaza. Nchi yetu inayo Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto, ambayo inamwadhibu kwa kifungo anayemshtaki mtoto kwa uchawi. Sheria hiyo ni njema, nasi tumeisoma na makatekista wenzetu kifungu kwa kifungu. Lakini hakimu hutafuta aliyetamka shtaka, na katika usomaji wa baridi shtaka hutamkwa na shangazi, nyumbani, usiku, wakati nabii ametulia kwake.

Kwa sababu hiyo hatuungi mkono marufuku. Mtu asiyejua hila hii hana la kumjibu nabii isipokuwa imani yake dhidi ya imani ya nabii, na katika nyumba iliyofiwa mara tatu kwa mwaka, mabishano hayo hayashindiki kwa hoja. Lakini kijana aliyejaribu mwenyewe, aliyeona jinsi dada wa kwaya alivyojifunika mdomo kwa maneno ambayo yangemfaa mtu yeyote, huyo anaweza kukaa katika kikao cha ukoo na kuuliza swali dogo: «Baba mdogo, yeye alisema jembe, au sisi ndio tuliosema jembe?» Tumeona swali la namna hiyo likirudisha mtoto mmoja kitandani kwake. Mara moja tu, ni kweli. Nyumba nyingine tulizofika tulichelewa.

Wenzetu waliotaka marufuku walitutajia Katekisimu, nao walifanya vema. Fungu la 2116 linakataa kila namna ya uaguzi, na linataja unajimu, usomaji wa viganja na kuwaendea wapiga ramli. Kinachokataliwa hapo ni kutaka kushika mambo yaliyofichika, na kwa njia hiyo kuwatawala watu. Mchezaji anayesema wazi kwamba anacheza, na ambaye watazamaji wanajua kwamba anacheza, hajafika huko. Lakini mpaka ni mwembamba kuliko tulivyodhani tulipokuwa tukipiga makofi. Kijana wetu aliuvuka kwa hatua kumi na tano, kutoka kitini ukumbini hadi chini ya ukingo wa paa. Hila ilikuwa ile ile. Aliyeketi mbele yake ndiye aliyekuwa mwingine: dada wa kwaya alikuja kucheka, mama wa mandazi alikuja kwa kuwa hakuwa na mahali pengine pa kwenda.

Tumekubaliana basi na kijana huyo, naye ameridhia, kwamba ataendelea. Kabla ya kila onyesho atasema ni mchezo, na baada yake atafungua hila moja mbele ya wote, hata kama mwenzake wa jukwaani atanung'unika kwamba anaharibu ladha. Mtu akimjia pembeni, peke yake, hatamsomea, hata kwa utani, hata akiwa na noti mkononi. Juu ya mgonjwa, marehemu, aliyepotea, ndoa na uchawi hatatamka sentensi, pana wala nyembamba. Alituuliza juu ya mitihani ya serikali, kwa kuwa wenzake wa darasa la sita la sekondari humsumbua awatabirie. Tulicheka, kisha tukamwambia kwamba hilo pia aache, maana tunajua mwanafunzi aliyeacha kusoma baada ya kutabiriwa asilimia sabini.

Na kuna fungu ambalo hatukuweza kuliandika katika makubaliano, kwa sababu hatujui mtu hulitimizaje. Kusema kweli baadaye hakutoshi daima. Harry Houdini, mchezaji mashuhuri wa mazingaombwe, alikuwa rafiki wa Arthur Conan Doyle, mwandishi aliyembuni Sherlock Holmes, bingwa wa kutumia akili katika riwaya. Mwaka 1922 mke wa Doyle aliandika kurasa nyingi mbele ya Houdini akidai kwamba mkono wake unaongozwa na roho ya mama yake Houdini. Maneno yalikuwa ya Kiingereza, lugha ambayo mama huyo hakuimudu, na juu ya ukurasa palichorwa msalaba, ingawa marehemu alikuwa mke wa rabi wa Kiyahudi. Houdini hakudanganyika. Lakini Doyle alibaki na imani yake, na zaidi ya hayo alishikilia kwamba Houdini mwenyewe ana nguvu za kiroho, hata Houdini alipomwambia waziwazi kwamba kazi yake yote ni hila. Mtu anaweza kukana kipawa chake mbele ya rafiki msomi, na asisadikiwe.

Jumamosi iliyofuata tulikwenda naye nyumbani kwa mama wa mandazi, nyuma ya soko. Kijana alizungumza vizuri, akiwa amepiga magoti, ingawa hatukumwagiza apige magoti. Alieleza kwamba alijifunza kwenye simu, kwamba hakuona kitu, kwamba anaomba radhi. Mama alimsikiliza hadi mwisho huku akikanda unga.

«Lakini habari ya kovu la jembe uliijuaje?»

«Mama, mimi nilisema alama. Wewe ndiye uliyesema jembe.»

«Hapana, mwanangu. Ni wewe uliyesema. Mguu wa kushoto, ukasema.»

Kijana alitutazama, nasi hatukuwa na la kuongeza. Katika mazungumzo yaliyofuata tulifahamu kwamba, kabla ya Jumapili ile, mama alikuwa akienda kila juma kwenye kituo cha malori kuwauliza madereva wa Kamituga, na kwamba tangu aambiwe mwanawe atarudi alikuwa ameacha kwenda. Aliziweka akiba nauli hizo, amnunulie mwanawe godoro.

Kijana aliomba karatasi. Alisema kwamba tangazo la redio linahitaji maelezo, naye atayaandika kama mama atakavyoyasema, neno kwa neno, na Jumatatu atayapeleka mwenyewe, kisha apitie kwa madereva. Mama aliona si lazima, maana mtoto anarudi. Hata hivyo alifuta unga mikononi, akaketi, akaanza kutaja: jina la ubatizo, jina la ukoo, umri, kimo, shati alilovaa siku ya kuondoka. Alipofika kwenye kovu, kijana alisimamisha kalamu, akamwomba alieleze yeye mwenyewe, polepole, tangu siku lilipopatikana. Ilikuwa msimu wa kupanda mihogo, alisema, na mtoto alikuwa na miaka tisa.

Tangazo lilisomwa siku tatu mfululizo. Mpaka tunapoandika haya hakuna aliyepiga simu. Kijana huenda kwa madereva kila Jumatano, baada ya masomo.